Herufi Mbili za Makamu

Naomba iandikwe mahali panapostahili kwamba Jumatatu ile ya mtihani wa majaribio, kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na Shule ya Sekondari Ilembwe, mimi Ambokile Mwaisaka wa kidato cha tatu sikuwa na hatia. Nililala mapema. Niliamka mapema. Nilipiga mswaki bila kulazimishwa. Sikugusa kengele na sikumgusa mbuzi. Kama yuko malaika anayeandika mema yangu, siku hiyo alilazimika kutafuta daftari jipya, maana lile la zamani lilikuwa halijawahi kufunguliwa.

Ndiyo maana iliniuma sana pale kengele ya saa mbili ilipolia na badala ya kalamu wakaja kuku.

Nilikuwa nje ya bwalo nikifagia majani ya misonobari (adhabu ya wiki iliyotangulia, hiyo siikatai), kwa hiyo niliona yote dirishani. Watahiniwa sitini na wanne wa kidato cha nne walikuwa wamekaa, kila mmoja na karatasi ya maswali mbele yake, mikono mitupu. Shuleni kwetu hakuna anayeingia kwenye mtihani na kalamu yake, kwa sababu kalamu za siku hizi zina akili kuliko baadhi ya wanaozishika. Unapewa kalamu butu isiyojua kitu, na anayezitunza ni Katibu. Katibu ndiye mashine inayoendesha shule. Anapiga kengele, anapika, anafunga mabweni, anachapa vyeti. Ana mikono ishirini na miwili jikoni na sauti ya mtu aliyelelewa vizuri.

Milango ya jikoni ikafunguka, mikokoteni ikaingia yenyewe. Pilau. Kuku wa kukaanga. Kachumbari. Soda za rangi tatu. Kila mtahiniwa akawekewa sinia lake, kitambaa chake na ua lake. Kisha Katibu, ambaye huisoma kamusi mpaka mstari wa mwisho, akakumbuka kwamba shughuli ya namna hiyo huenda na furaha, akafungulia muziki wa harusi.

"Karamu sitini na nne, kama ilivyoagizwa," akatangaza. "Karibuni sana."

Kuna mtahiniwa alianza kulia. Wengine sitini na watatu walianza kula.

Mkuu wa shule, Mama Ngailo, alifika akikimbia na kiatu kimoja. "Nani ameagiza haya?"

"Sauti iliyosajiliwa ya Makamu Mkuu wa Shule," akajibu Katibu.

Makamu mwenyewe alikuwa amesimama pale pale mlangoni, suti ya kijivu, nywele nyeupe pee, mdomo umefungwa. Mtu yeyote mwenye akili timamu angemtazama yeye. Bwalo zima likageuka kunitazama mimi dirishani, na ufagio wangu.

Nieleze. Ni kweli kwamba ninaweza kumwiga Makamu mpaka mbwa wa shule asimame wima. Ni kweli pia kwamba nimewahi kujaribu kumdanganya Katibu kwa sauti hiyo, mara sita. Zote sita nilishindwa. Katibu hasikilizi mbwembwe, anasikiliza koo, na koo langu analijua. Lakini Mama Ngailo hakuhesabu kushindwa kwangu kama ushahidi wa kutokuwa na hatia. Alihesabu kama mazoezi.

"Mara ya saba umefaulu, eh?" akasema.

"Mama, naapa, safari hii..."

"Safari hii! Umesikia mwenyewe unavyosema? Kesho saa nne, ofisini kwa Makamu. Yeye ndiye aliyeibiwa sauti, yeye ndiye atakayeamua kama unabaki Ilembwe au unapanda basi."

Nikamtazama Makamu ili nione hukumu yangu usoni pake. Akakwepesha macho. Makamu, ambaye aliwahi kumkazia macho simbamarara wa kwenye kalenda.

* * *

Kabla sijaingia ofisini humo, mfahamu mwenye ofisi.

Mwalimu Laurenti Kalumuna alikuwa anafundisha Kiswahili kwa mwaka wa thelathini na moja, na katika lugha yote hiyo pana alikuwa amechagua kuzilinda herufi mbili: R na L. Sisi tulio wengi Ilembwe ni watoto wa milimani, na katika lugha za nyumbani kwetu R haijawahi kufika, pengine iliogopa baridi. Tulipokuja kidato cha kwanza tulisema "habali" na "kuludi" kwa amani kabisa. Makamu akatuvalisha kibao. Kilikuwa kibao cha mninga chenye herufi R iliyochongwa, unakivaa shingoni mpaka utakapotamka sentensi kumi bila kosa. Mimi nilikivaa siku arobaini na moja. Kiliacha alama kifuani ambayo dada yangu alidhani ni ya upasuaji.

Na mafundi walipokuja kumfunga Katibu, Makamu ndiye aliyewaambia: mashine hii isikisie. Anayetaka kitu akitamke. Kwa hiyo mwanafunzi akiomba ruhusa ya "kuludi" nyumbani, Katibu humjibu kwa upole kwamba mahali hapo hapajui.

Nikabisha hodi. Nikaingia. "Shikamoo, mwalimu."

Akanionyesha kiti kwa kidole. Ndipo nikagundua kwamba ni kama mwezi mzima sasa hakuna aliyemsikia Makamu akiitikia shikamoo. Alikuwa akitikisa kichwa tu na kutufundisha kwa kuandika ubaoni, na sisi tukadhani ni dharau imeongezeka.

Akachukua karatasi akaandika, akanisukumia: *Najua si wewe.*

Nilisoma mara tatu. Nilitamani niiwekee fremu.

"Sasa ni nani, mwalimu?"

Akafunga dirisha. Akafunga mlango. Akakaa, akapumua kama mtu anayetaka kuruka mfereji.

"Ni mimi," akasema. "Nirimwagiza Katibu karamu."

Nikadhani sikio langu lina maji. "Ulimwagiza karamu?"

"Karamu, Ambokire! Sikusema kalamu, nirisema karamu!"

"Ndiyo, mwalimu. Karamu."

"Ya kuandikia!"

Nilikuwa nimekisubiri kitu cha namna hii kwa miaka mitatu bila kujua kwamba ninakisubiri, na sasa kimekuja mwili wangu haukujua ukifanyie nini. Nilishika kiti. Nililiuma shavu kwa ndani. Machozi yakaanza kunitoka.

"Usicheke," akasema Makamu.

"Sicheki, mwalimu."

"Unacheka."

"Ninaomboleza, mwalimu."

Akafungua mtoto wa meza, akanitupia kijikaratasi kilichokunjwa mara nyingi, kile kinachokuja ndani ya boksi la dawa na ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukirudisha kwenye mikunjo yake. Jina la dawa lilikuwa Lengafigo. Na hapo juu, kwa maandishi madogo: *kwa wagonjwa wa saratani ya figo.*

Kicheko changu kikakatika.

Nilisoma. Dawa za zamani, kilisema kijikaratasi, zilimpiga mgonjwa mwili mzima zikitumaini kwamba uvimbe nao umo humo. Lengafigo hulenga. Inatafuta kufuli chache tu zilizo kwenye chembe za saratani na kwenye vijishipa vinavyozilisha, inaziba, uvimbe unakufa njaa. Tatizo ni kwamba kufuli zinazofanana na hizo zipo kwingine mwilini. Kwenye mizizi ya nywele, kwa mfano: unywele unaoota siku ulizomeza dawa hutoka mweupe, na unaoota siku ambazo hukumeza hutoka mweusi. Kisha ikafuata orodha. *Madhara ya kawaida: uchovu, kuharisha, viganja kuwaka moto, chakula kuwa na ladha ya msumari. Madhara adimu: sauti kukwaruza. Madhara adimu sana (mtu mmoja kati ya elfu arobaini): neva ya ulimi kubadilisha herufi R na L. Ukipatwa na dalili hii, tafadhali mweleze daktari wako kwa maandishi.*

"Ulimweleza, mwalimu?"

Akatikisa kichwa kukubali. "Amejibu: dawa nyingine hakuna. Nichague ninachotaka kubaki nacho."

"Na wewe umechagua nini?"

Badala ya kujibu, akainamisha kichwa mbele yangu. Sikuwahi kukiona kichwa cha Makamu kutokea juu. Nywele zilikuwa nyeupe kama pamba, lakini chini kabisa, zinapotoka kwenye ngozi, palikuwa na mstari mwembamba mweusi, kama pindo la sanda lililochovywa kwenye wino.

"Siku saba," akasema.

Alikuwa ameacha kumeza dawa siku saba. Ulimi, alinieleza kwa kuandika nusu na kusema nusu, unahitaji siku kumi na moja bila dawa ili urudi mahali pake. Ile Jumatatu alidhani umeshapona, akajaribu kuagiza kalamu. Ikawa kuku. Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa mahafali ya kidato cha nne.

Hapo nikaanza kuona ukubwa wa jambo. Zamani vyeti vilighushiwa sana, mpaka ikapitishwa sheria: cheti kinachapwa jukwaani, mbele ya wazazi, kwa sauti ya ofisa mmoja aliyesajiliwa, na kikishachapwa jina hilo linaingia kwenye daftari la taifa na ndilo jina lako. Ilembwe ofisa huyo ni Makamu. Kusajili koo jingine huchukua miezi miwili.

"Kuna kijana anaitwa Elasto Ruvanda," akasema Makamu. "Nikisema Elasto Ruvanda, cheti kitaandika Erasto Luvanda, na atakuwa Erasto Luvanda hadi kabulini."

"Pole, mwalimu. Kwani anaitwa nani?"

"Elasto Ruvanda!" Akapiga meza. Kisha akaandika: *Erasto Luvanda.*

"Lakini ukikaa siku kumi na moja?"

Akaandika tena. Jumatatu ijayo kliniki wanakuja na chanuo, mashine ya kusoma nywele. Dawa ni chache na wanaoisubiri ni wengi. Weusi wa siku saba, unapewa onyo. Weusi wa siku kumi na kuendelea, jina lako linatolewa kwenye orodha na dawa yako anapewa mwingine. Kunyoa ni marufuku, kunahesabika kama kutoroka.

Akaweka kalamu chini. Akanitazama kwa namna ambayo hakuna mwalimu amewahi kunitazama, yaani kama mtu mwenye taaluma.

"Wewe ndiye uriyempaka mbuzi," akasema.

Ni kweli. Muhula uliopita nilimpaka mbuzi mweusi wa shule mistari myeupe, na mgeni kutoka wizarani akampiga picha kumi na moja akiamini ni mnyama wa hifadhini.

"Nilishaadhibiwa kwa hilo, mwalimu."

"Kazi yako irikuwa nzuli sana," akasema Makamu. "Nataka unipake mimi."

* * *

Nawaomba wenye busara wasimame kidogo hapa, kwa sababu mimi nilisimama.

Kumpaka Makamu rangi kichwani kwa ombi lake mwenyewe! Kuna watu wamefanya utani maisha yao yote, wamezeeka, wamekufa, hawajaletewa zawadi ya namna hiyo. Rangi nilikuwa nayo, ile nyeupe ya viatu vya michezo, niliyoichanganya na gundi ya karatasi isitoke kwa maji. Brashi nilikuwa nayo. Chanuo la kliniki lilikuwa la zamani, nilijua lingedanganyika. Makamu angepata herufi zake, watoto sitini na wanne wangepata majina yao, nami ningebaki Ilembwe.

"Mwalimu," nikasema, "huo uvimbe ukubwa wake ukoje?"

"Januali urikuwa kama kiazi. Sasa ni kama halagwe."

"Na haragwe likikaa siku kumi na moja bila dawa?"

Makamu akatazama dirishani. Nje kulikuwa na shamba la shule, na humo kila kitu kilikuwa kinaota bila kuombwa.

"Rinaweza kuota," akasema.

Sasa angalieni. Nikikataa, Makamu anaweza kuacha dawa hata hivyo, na chanuo likimkamata ananyang'anywa, anakufa. Nikikubali, chanuo halimkamati, anabaki kwenye orodha. Ila mtu akishajua kwamba chanuo linadanganyika kwa rangi ya viatu, hataishia mahafali. Itakuja siku ya wazazi. Itakuja siku ya kusoma risala. Kila atakapotaka R yake ataacha dawa, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemfungulia mlango kwa brashi. Nilikuwa na hasira naye ya siku arobaini na moja shingoni, na bado nikagundua, kwa mshangao ambao sikuufurahia, kwamba simtaki afe.

"Siwezi, mwalimu."

"Niombe chochote."

"Naomba umeze dawa."

"Na watoto wa watu?" Sauti yake ikapasuka. "Miaka therathini na moja nimewaambia helufi moja ina thamani. Reo nipande jukwaani niwahalibie majina kwa sababu naogopa kufa?"

Nilikaa kimya. Huwa ninakaa kimya mara chache na kila mara kuna kitu kinatokea, sijui kwa nini siongezi juhudi. Safari hii kilichotokea ni swali.

"Mwalimu, naomba unitajie neno moja. Shughuli yenye chakula kingi, wageni, watu wanakula mpaka wanafungua vifungo. Inaitwaje?"

"Kalamu," akasema Makamu.

Tukatazamana.

"Rudia kwa Katibu," nikasema. "Usifikirie mtihani. Fikiria kuku. Muombe moja."

Makamu akageukia kile kidirisha cha ukutani ambacho Katibu hutolea vitu. Akafumba macho. Nilimwona kabisa akifikiria kuku. "Katibu, nataka kalamu moja."

Kidirisha kikafunguka, ikadondoka kalamu butu.

Ulimi haukuwa umeharibika. Ulikuwa unageuza, kila mara, pande zote mbili, kwa uaminifu ambao Makamu mwenyewe angeusifu kama angeukuta kwa mwanafunzi. Anayelenga L anapata R, anayelenga R anapata L. Kwa hiyo mtu huyu akitaka kusema sawa, inampasa akusudie kukosea.

"Nitakuandikia orodha ya majina," nikasema. "Kila R nitaiandika L, kila L nitaiandika R. Wewe usome tu kama ilivyo. Ulimi utasahihisha wenyewe."

Uso wa Makamu ulipita rangi kadhaa. "Yaani nisome," akasema polepole, "majina yariyoandikwa vibaya. Kwa makusudi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwenye kalatasi ya shure."

"Au kidonge, au sifanyi."

Akatoa kidonge mfukoni, cha rangi ya njano, kikubwa kama punje ya hindi. Akakitazama kama mtu anayemsainia adui yake mkataba. Akameza.

* * *

Alhamisi nilimpelekea orodha, naye alikuwa ameshamwandikia Mama Ngailo kwamba kosa si langu na ninabaki. Majina sitini na manne, mwandiko wangu bora, kila kosa mahali pake. Naweza kusema bila kujivuna kwamba hakuna mwanafunzi wa Ilembwe aliyewahi kukosea kwa umakini kiasi kile. Makamu aliipokea kwa ncha za vidole viwili.

Jumamosi asubuhi wazazi walijaa bwaloni na makoti yao mazito, mashine ya vyeti ikawekwa jukwaani ikiwa na ua juu yake, na mimi nikaenda nyuma ya tangi la maji, mahali tulipokubaliana, kumsikiliza Makamu akijaribu majina mawili matatu. Zilibaki dakika kumi.

Akanyoosha orodha. Nikaona nyekundu.

Yote. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila jina lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu na kuandikwa upya juu yake, kwa usahihi kamili. Chini kabisa alikuwa amenipa alama: *0/64. Uzembe.*

"Mwalimu, umeacha tena dawa!"

"Sikuacha. Nimemeza zote."

"Sasa hii nini?"

Makamu Mkuu wa Shule ya Sekondari Ilembwe, mtu wa miaka hamsini na saba, akainama akatazama viatu vyake. "Irikuwa mezani," akasema. "Na karamu nyekundu irikuwa kando yake." Aliposikia "karamu" ikitoka tena, akafumba macho. "Nirijizuia Ijumaa nzima, Ambokire. Saa kumi jioni mkono ukaenda wenyewe."

Hapakuwa na muda wa kuandika nyingine. Ndani, Mama Ngailo alishaanza kukaribisha wageni. Nilitaka kumfokea, na kwa sekunde kama tatu nilimfokea kweli, sitarudia maneno hayo kwa kuwa yanaweza kusomwa na mama yangu. Kisha nikamshika Makamu mabega yote mawili.

"Mwalimu, unakumbuka nilivyokuwa nikisema nilipokuja kidato cha kwanza?"

"Siwezi kusahau."

"Niige."

"Nini?"

"Soma majina haya kama ambavyo ningeyasoma mimi siku ile, mbele yako. Sikusema L peke yake, unakumbuka? Mtu akiogopa sana kukosea anakosea kote. Penye R anaweka L kwa sababu ndiyo aliyozaliwa nayo, na penye L anaweka R ili aonekane amesoma."

Makamu akanikodolea macho. "Nani amekufundisha hivyo?"

"Wewe, mwalimu."

Alitazama orodha yake, kisha akanitazama mimi, kisha tena orodha, na ninadhani katika muda huo mfupi alikuwa anahesabu vifua vilivyopita chini ya kile kibao. Halafu akafanya jambo ambalo nitalieleza wajukuu na hawataamini. Akainua mabega mpaka masikioni. Akalishika pindo la koti lake kwa vidole. Akainamisha uso. Akawa mtoto wa kidato cha kwanza, aliyeshuka kwenye lori la viazi asubuhi hiyo hiyo.

"Arufonsi," akakusudia kunong'ona, kwa hofu ya kweli. Ikatoka, safi kama maji ya milimani Kitulo: "Alufonsi."

"Ondoa hiyo U."

"Alfonsi."

"Nenda, mwalimu."

* * *

Wazazi waliohudhuria mahafali yale mpaka leo wanasimulia jinsi Makamu alivyokuwa mnyenyekevu. Alisimama jukwaani mabega juu, mikono ikichezea koti, akayaita majina kwa sauti ya mtu anayetarajia kupigwa. Alfonsi Mgaya. Blandina Mahenge. Roida Chaula. Mashine inaguna, cheti kinatoka, mwanafunzi anapokea, wazazi wanapiga vigelegele. Erasto Luvanda akapita, akawa Erasto Luvanda hadi kaburini. Mimi nilikuwa nimekaa na kwaya, nikitafuna kona ya kitabu cha nyimbo.

Alichoka kwenye la arobaini na moja. Niliona mabega yakishuka. Mikono ikaachia koti. Kwa jina moja tu akasahau kuogopa, akawa Makamu wa miaka yote, akasoma orodha yake mwenyewe kama ilivyoandikwa kwa wino mwekundu na kama jina lilivyokuwa kwenye daftari la shule: Rwitiko Kajange.

"Lwitiko Kajange," ulimi ukasema, na mashine ikaguna.

Makamu alijisikia. Nilimwona akigeuka rangi ya majivu. Msichana mrefu wa bweni la pili akapanda, akapokea cheti chake, akakisoma, akaweka mkono mdomoni, akashuka akikimbia. Kwaya nzima ikageuka kumtazama. Makamu akashika meza, akapandisha tena mabega, akayamaliza majina ishirini na matatu yaliyobaki bila kosa hata moja, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayezika.

Tulipotoka nje, yule msichana alikuwa anatusubiri pamoja na baba yake, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu. Macho ya wote wawili yalikuwa mekundu. Makamu alikwenda moja kwa moja kwao. Nikamfuata, maana nani mwingine angemtafsiri?

"Nimekosea," akasema, akitoa kalamu nyekundu mfukoni. "Nitaandika wizalani. Nitasema jina ni Lwitiko."

"Ndiyo hasa!" akasema mzee.

"Hapana, mzee. Ni Lwitiko."

"Si ndivyo ninavyosema? Ni Lwitiko!" Mzee akamshika Makamu mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa kama anayepampu baiskeli. "Mwalimu, mtoto huyu tulimpa jina la bibi yake. Alipoanza shule ya awali, karani akasema wenyeji wa huku R hawaijui, akatusahihisha. Akaandika Rwitiko. Nimekwenda wilayani mara nne. Mara nne, kwa herufi moja! Wananiambia daftari halikosei. Umejuaje, mwalimu?"

Makamu akaomba aone cheti, akakisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwa yameandikwa.

"Kwa hiyo nisibadirishe?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Thubutu!" akasema mzee.

Lwitiko akacheka, akafuta pua kwa kitambaa cha mahafali, akapiga goti. "Shikamoo, mwalimu."

Nilimwona Makamu akisita. Mwezi mzima alikuwa akitikisa kichwa. Mbele ya mzazi, mbele ya mhitimu, mbele yangu, akavuta pumzi.

"Malahaba, mwanangu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mzee hata hakugundua. Kwake lilikuwa neno lililo sawa kabisa. Walipoondoka, kengele ya saa saba ikalia. Makamu akapapasa mfuko wa koti, akatoa kidonge cha njano.

"Ambokire," akasema. "Maji."

Nilikimbia, nikarudi na kikombe. Akameza, akakunja uso kwa ile ladha ya msumari, kisha, pale pale uwanjani, wageni wakipita na sahani zao, akapanua mdomo na kunitolea ulimi nje wote nihakikishe. Nikainama, nikachungulia kushoto, nikachungulia kulia.

"Umepita, mwalimu," nikamwambia. "Kesho tena."